Mtoto kauambia mti kitu ambacho hajawahi kuniambia mimi

Shangazi, shikamoo.

Mi ni dada wa miaka 31, naishi Jinja, Uganda, huku Walukuba, mchana nauza mitumba sokoni na jioni nakaanga mukene, wale dagaa, hapa mlangoni. Nina watoto wawili wangu, na wa tatu ni wa dada yangu mkubwa, msichana wa miaka 9, yuko P4, darasa la nne. Dada alienda Saudia kufanya kazi za nyumba, huu ni mwaka wa pili, na alipoondoka aliniachia mtoto na neno moja tu, mtunze kama wako. Na nimemtunza Shangazi, Mungu shahidi yangu, analala kitanda kimoja na wangu, anakula wanachokula, fizi ya shule dada anatuma lakini ikichelewa natoa kwenye pesa ya biashara.

Shida ni kwamba tangu mwaka jana mtoto kanyamaza. Sio kiburi, ukimwita anakuja, ukimtuma anaenda, lakini hasemi. Kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Alafu akaanza kukojoa kitandani na alikuwa ameacha tangu ana miaka 4. Nakwambia ukweli, nilimpiga mara mbili, maana shuka zenyewe ni mbili na mvua ilikuwa haiachi, unafua leo haikauki mpaka keshokutwa. Na ripoti ikaanguka, kutoka nafasi ya 7 mpaka ya 38.

Sasa muhula huu shule yao imeleta kitu wanaita warsha ya mazingira na hisia. Ijumaa mchana P3 mpaka P5 wanatolewa darasani, kuna kiwanja nyuma ya shule chenye miti, na mara moja kwa muhula wanapelekwa msitu wa Mabira na basi. Ni shilingi 25,000 juu ya fizi. Kila mtoto anachagua mti wake, anakaa pale dakika 15 kimya, anachora anachokiona, anagusa majani, alafu wanakaa duara na madam anauliza kila mtoto leo moyo wako uko aje. Mi niliposikia nikasema jamani, mimi mwenyewe nilisoma chini ya mwembe kijijini Bugiri kwa sababu shule haikuwa na darasa, mvua ikija tunakimbia na mabuku kichwani, leo nalipa pesa ili mtoto aingie kwenye jengo, alafu wanamtoa wanamrudisha chini ya mwembe? Na PLE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, je? Imebaki miaka mitatu tu.

Lakini nililipa. Akaenda Mabira ile Ijumaa, na Shangazi, aliporudi aliongea. Aliongea mpaka chakula kikapoa, ati wameona nyani wa mkia mwekundu, ati kuna mti umeukumbatia mti mwingine mpaka ukaunyonga, ati vipepeo vinakunywa matope. Usiku huo hakukojoa.

Jumatatu madam akaniita shuleni. Akafunga mlango wa ofisi, akaniambia kwenye duara mtoto alikataa kusema chochote, lakini alipokuwa kwenye mti wake madam alikuwa anapita nyuma akamsikia anauambia mti, "mama akipiga simu wanasema nimelala, sijalala." Madam akamkalia karibu akamuuliza polepole, na mtoto akasema nyumbani hakuna mtu wa kuongea naye.

Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya watu. Ni kweli dada akipiga saa nne usiku huwa nasema kalala, kwa sababu wakiongea mtoto analia mpaka usiku wa manane na mi naamka saa kumi na moja. Lakini hakuna mtu wa kuongea naye? Mimi ni nani basi? Alafu bibi yake, mama yetu mzazi, kasikia habari ya kuongea na mti akasema hiyo ni shirki, mtoto anafundishwa kuabudu miti, mtoeni mara moja. Mume wangu anasema siri za nyumba yake zinapelekwa kwa walimu. Ijumaa iliyofuata sikumruhusu, nikamwambia abaki nyumbani. Tangu hapo kanyamaza tena na shuka zimelowa siku mbili. Dada sijamwambia kitu.

Nimtoe au nimwache? Na dada nitamwambia nini?

Mama mdogo, Walukuba


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia jioni, na kabla ya habari ya miti na bibi na mumeo naomba nianze na pale ulipoumia, kwa sababu naona ndipo uamuzi wa Ijumaa ile ulipotoka. Ulisikia "hakuna mtu wa kuongea naye" ukasikia kama mtoto kasema hupiki, hufui, humpendi. Mtoto hakusema hivyo. Nimekaa na watoto wa darasa la tatu na la nne miaka 27, Tororo na baadaye hapa Jinja, na mtoto wa umri huo akisema hana mtu wa kuongea naye ana maana kuna habari moja ambayo haina mlango kwenye nyumba hiyo. Habari ya kwake ni mama yake. Umeniandikia mwenyewe, mama akipiga unasema kalala. Na yeye amelala pale kafumba macho, anasikia kila neno. Kajifunza kwamba mama ni kitu kinachosumbua watu usiku, basi habari ya mama akaimeza, na ukishameza habari kubwa kama hiyo hata zile ndogo za kawaida, nani kanipiga kiwanjani, leo tumekula posho na maharage, nazo zinakwama hapo hapo.

Sikulaumu, mwanangu. Unaamka saa kumi na moja, una watoto watatu na meza ya mukene. Ulifanya alichofanya mtu aliyechoka. Lakini sasa umeshaambiwa, na aliyekwambia ni mtoto mwenyewe, ingawa alipitia kwenye mti.

Kwa hiyo jibu langu, mrudishe Ijumaa hii. Usingoje muhula mwingine.

Sasa hilo la mwembe. Hilo nimelielewa mpaka mfupani, kwa sababu hata mimi nimefundisha chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, mbuzi wa jirani wanapita katikati ya hesabu. Kwetu mti ulikuwa alama ya kukosa. Na kuna kitu kingine kibaya zaidi ambacho huwa hatukisemi, shule zetu nyingi mtoto alikuwa anatolewa nje akikosea. Umechelewa, chukua slasha ufyeke nyasi. Umeongea darasani, nenda piga magoti juani. Umeshindwa spelingi, chimba shimo la takataka. Mi mwenyewe nimetoa adhabu hizo, nimewatuma watoto wa miaka 8 kufyeka kiwanja saa saba mchana, na leo nikikumbuka naona tulichowafundisha ni kwamba nyasi na udongo na jua ni mahali pa mtu mbaya. Alafu tunashangaa wakikua wanakata kila mti wakiona.

Ndio maana nikisikia shule inamtoa mtoto nje bila kosa lolote, anaambiwa chagua mti uupendao ukae, mi moyo wangu unafunguka. Mwembe wa kwenu Bugiri uliwekwa pale kwa sababu hakukuwa na darasa. Huu wa Ijumaa umeongezwa juu ya darasa, darasa bado lipo, Jumatatu hesabu ziko palepale.

Unaniuliza bila kuniuliza, kwani mti unafanya nini? Nikwambie nilichokiona kwa macho. Shule zilifungwa Machi 2020 na watoto wetu wadogo wakaja kurudi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kama sisi. Januari ile nilipewa P3 na kulikuwa na kijana mmoja ambaye hakusema neno tangu tumefungua mpaka karibu na mwezi wa tano. Ukimuuliza swali anaangalia meza. Wenzake wakaanza kumwita bubu. Nilikuwa na kitalu kidogo cha mboga ya dodo nyuma ya darasa, nikampa kazi ya kumwagilia, tulikuwa na chupa ya soda tumetoboa kifuniko kwa msumari, unaikamua inamwaga kama mvua. Siku moja tuko wawili pale tumechuchumaa, mi nang'oa magugu, yeye anakamua chupa, akasimama kwenye mche mmoja uliokauka akasema, bila kuniangalia, "huu umekufa kama babu." Nilitaka kuruka nimshike nimuulize maswali mia. Mungu akanifunga mdomo. Nikasema tu "eh, umekufa," nikaendelea kung'oa. Akamwaga maji kwenye mche uleule mkavu, mwingi, mpaka chupa ikaisha, alafu akaanza kusimulia, walivyomzika babu wakati wa lokdauni, watu wachache tu, yeye akaachwa nyumbani. Yote ile aliiambia ile chupa. Mimi nilikuwa pembeni tu.

Ndiyo hiyo kazi ya nje. Darasani mtoto anakukabili uso kwa uso, na uso wa mtu mzima unauliza jibu sahihi. Nje mko upande kwa upande, macho yenu wote yako kwenye kitu cha tatu, mikono ina shughuli, na kimya hakiogopeshi kwa sababu ndege wanakijaza. Mtoto akitaka kusema anasema, asipotaka anaendelea kuangalia siafu. Hakuna wa kumpa alama.

Na hata wasomi wameangalia jambo hili. Kuna mtafiti anaitwa Roger Ulrich, mwaka 1984 alichapisha utafiti wa hospitali moja Pennsylvania huko Marekani, alichukua wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo, nusu madirisha yao yalitazama miti na nusu yalitazama ukuta wa matofali, wale wa miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi na waliomba dawa kali za maumivu mara chache. Kuona tu, kupitia dirisha! Alafu Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaeleza kwamba akili ya kukazia kazi, ile mtoto anayoitumia kusoma na kuhesabu na kukaa kimya, inachoka kama mguu unavyochoka, na inapumzika pale macho yanapovutwa na vitu bila kulazimishwa, majani yanayotikisika, maji, mawingu. Kwa hiyo habari ya PLE usiogope sana. Mtoto aliyetoka nafasi ya 7 akaanguka mpaka 38 hajasahau kusoma, kichwa chake kimejaa kitu kingine. Saa mbili za Ijumaa hazitamwangusha, kinachomwangusha ni hicho alichokibeba, na hapo ndipo pa kushughulika napo.

Na mwambie mumeo hiki sio kitu cha juzi. Chekechea yenyewe ilianza na bustani, Friedrich Froebel alifungua yake Ujerumani mwaka 1837 na jina aliloipa baadaye maana yake ni bustani ya watoto, kila mtoto alikuwa na kitalu chake cha kupanda. Na hapa kwetu je? Nani alitufundisha jina la kila jani kama si bibi, tukienda kuchuma mboga? Nsenene, wale panzi wa kula, zikianguka mwezi wa kumi na moja, si tulikuwa tunakimbia nazo usiku wote na mama zetu, tukichekeana? Tulikuwa na hii warsha bila kuita warsha.

Kuhusu siri za nyumba. Hapa nampa mumeo haki yake kidogo, maana hofu yake ina msingi, sio kila mwalimu anajua kufunga mdomo, nimewahi kukaa kwenye ofisi ya walimu nikasikia habari za ndoa za watu zinaliwa na chai na mandazi. Kwa hiyo nenda shuleni, nendeni wote wawili kama anaweza, na muulizeni madam maswali ya wazi. Alichosikia kwa mtoto wetu nani mwingine anajua? Anakiandika wapi, na hilo daftari linafungiwa wapi? Kwenye duara, mtoto akisema jambo la nyumbani, wenzake wameambiwa nini kuhusu kutolitangaza? Mtoto akikataa kusema anaruhusiwa kupita bila kusukumwa? Na yeye madam, kafundishwa na nani kazi hii, na akikutana na jambo zito kuliko uwezo wake anampeleka mtoto kwa nani? Mwalimu aliyejiandaa atayajibu hayo bila kukasirika. Akianza kukasirika, au akisema ni mambo ya watoto tu, hapo ndipo mtakuwa na sababu ya kusita.

Lakini mi nikisoma barua yako naona huyu madam alifanya vizuri kuliko wengi. Hakumsema mtoto mbele ya duara. Alikuita wewe kwanza, hakumwita hedimasta. Akafunga mlango. Na mumeo akumbuke kwamba Waganda wana ssenga, yaani shangazi, tangu zamani, mtoto wa kike alikuwa na mtu wa nje ya chumba cha baba na mama wa kumwambia yale yasiyosemeka kwa mama. Hakuna aliyesema ssenga anaiba siri. Kuna aina moja tu ya siri ambayo mwalimu hana ruhusa kuificha hata ukimwomba, ni mtoto akisema kuna mtu anamgusa vibaya au anamuumiza. Hiyo inatoka palepale, na kila mzazi ajue laini ya watoto ni 116, bure, usiku na mchana.

Bibi naye. Usimpuuze mama yako, mwanangu, na usimwambie ni mshamba. Nchi yetu ina miti ambayo watu wanaiendea kuomba, Mti wa Nakayima kule Mubende watu mpaka leo wanapeleka maombi yao kwenye mizizi, kwa hiyo mzee akisikia mjukuu anaongea na mti hajatunga, kuna kitu anakijua. Mweleze tu kwamba mtoto hakuomba kitu kwa mti. Alilia mahali pa faragha. Angelia kwenye mto wa kulalia ungesema anaabudu mto? Na kama ni mtu wa dini kama unavyosema, mkumbushe ile hadithi ya Mtume, kwamba Mwislamu akipanda mti na ndege au mtu au mnyama akala humo, anaandikiwa sadaka. Alafu fanya hivi, mpeleke. Mwombe madam bibi aje Ijumaa moja akae na watoto awafundishe majina ya miti anayoijua, mvule, mutuba, mzambarau, upi ulitoa dawa ya kikohozi na upi ulitoa gome la nguo. Mutuba peke yake ni somo la siku nzima, lile gome linavyovuliwa na mti ukafungwa majani ya ndizi mpaka unapona na kuota gome jipya. Fikiria mtoto aliyeachwa na mama anaonyeshwa mti uliovuliwa gome ukaota tena, hapo hata usiongeze maneno. Na bibi akishakaa pale mara moja hatasema tena shirki, atakuwa anauliza Ijumaa ni lini.

Usalama usisahau, maana mi napenda nje lakini sitaki kuzika mtoto wa mtu. Uliza wanavyohesabu watoto wakishuka na wakipanda basi. Viatu vya kufunika, hasa Mabira, nyoka wapo. Nyie wa Jinja mna maji pande zote, ziwa na mto Nile, na kichocho kimo humo, kwa hiyo kama siku moja wanapelekwa ufukweni watazame mdiria anavyopiga mbizi, sawa, lakini miguu ibaki kwenye nchi kavu. Na mvua ikianza kunguruma warsha imeisha, kila mtoto atoke chini ya mti aingie ndani. Tunakumbuka Kiryandongo 2011, radi iliua wanafunzi 18 siku moja wakiwa shuleni. Shule yenu iwe imeshafikiria hilo na jengo lao liwe na kinga ya radi.

Sasa shuka. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nivumilie. Usimpige tena kwa kukojoa. Kikojozi hafanyi kusudi, amelala, na fimbo inamfanya alale na hofu na hofu inamkojoza tena, mnazunguka hapo hapo. Mtoto aliyekauka miaka mitano alafu akarudia, kwanza mpeleke kituo cha afya wapime mkojo na sukari, waulize na choo, maana mtoto akikosa choo kibofu kinabanwa, na maambukizi ya mkojo na kisukari vyote vinaweza kuanza hivyo. Ukiambiwa mwili uko sawa, jua ni moyo. Tandika kaveera pana, ile plastiki, chini ya shuka, akitoka kulala aende choo, asubuhi mbadilishane shuka nyie wawili bila wengine kujua na bila neno. Nenda naye ukafue, yeye asuuze, wewe ukamue. Hapo upande kwa upande kwenye beseni ndipo utasikia habari ambazo mpaka sasa anasikia madam tu.

Maana mwanangu, warsha inaisha Ijumaa saa kumi. Jumamosi mpaka Alhamisi ni wewe. Mti wa shule umefungua tu mlango, na ukimrudisha Ijumaa na nyumbani pabaki palivyo, tutakuwa tumempa mahali pa kulia mara moja kwa wiki, haitoshi. Huna haja ya msitu. Una mlango na jiko la mukene. Mpe kigoda, akae upande wako, sio mbele yako, akuchambulie samaki, na wewe ndio uanze kumtaja mama. Usimuulize "unamkumbuka mama?", mtoto atasema hapana ili asikuudhi. Sema tu, mama yako alikuwa hapendi mukene wenye mchanga, alikuwa anaosha mara tatu. Alafu unyamaze ukaange. Siku ya kwanza hatasema kitu. Endelea.

Na akilia, mwache alie. Unasema wakiongea na mama yake analia mpaka usiku wa manane, naamini, kwa sababu simu ni mara chache na ni usiku na kila mara hajui kama ni ya mwisho. Mtoto akijua simu ni Jumapili saa kumi jioni, kila Jumapili, kilio kinapungua chenyewe, na kikija kuna mwanga na kuna watu wa kumtuliza na kesho yake kuna muda. Saa ya Saudia na saa yetu ni moja, hilo ni jambo zuri, dada yako hahitaji kupiga hesabu. Najua mabosi wengine huko wanachukua simu za wasichana, basi kama Jumapili haiwezekani apange siku anayoweza, na siku ambayo simu haipo atume voisi, hata ya nusu dakika, mtoto aisikilize mara kumi akitaka.

Dada mwambie ukweli, lakini usimwambie wote kwa pigo moja akiwa peke yake jikoni kwa watu ugenini. Usianze na mkojo wala nafasi ya 38. Anza hivi, mtoto kaenda Mabira kaona nyani wa mkia mwekundu, karudi anaongea, na kuna jambo kasema ambalo limenifundisha kitu, nilikuwa nakwambia kalala na alikuwa hajalala, nisamehe, kuanzia leo nitampa simu. Hayo ya mwisho yatakuwa magumu kutoka. Yaseme hivyohivyo. Mama yeyote aliye mbali akisikia mtoto wake alikuwa macho akisubiri sauti yake ataumia, lakini atajua pia kwamba hajasahauliwa, na nadhani hicho ndicho anachokiogopa kila usiku akiweka simu chini. Habari ya shuka na shule mpe wiki inayofuata, ukiwa tayari una majibu ya kituo cha afya mkononi.

Na mtoto naye anastahili neno kutoka kwako kabla hajarudi kwenye mti wake. Ulimkataza Ijumaa na yeye kwa akili yake ya miaka 9 anajua kakatazwa kwa sababu alisema. Hilo linaniuma kuliko yote kwenye barua hii, maana akilikubali atafunga mdomo mpaka awe mtu mzima. Mwambie leo usiku, madam aliniambia ulichosema, sikukasirika na wewe, ni mimi nilikuwa sijasikia vizuri, na Ijumaa unaenda. Usiongeze hotuba.

Alafu mwombe akuonyeshe mti wake. Nenda kabisa, siku moja funga meza ya mukene saa moja mapema, aende na wewe kiwanjani watoto wameshatoka, akuonyeshe ni upi. Piga picha mtoto na mti wake, umtumie dada. Na dada arekodi voisi yake aitume kabla ya Ijumaa, mtoto aisikilize asubuhi akivaa yunifomu.

Shangazi